Jeshi la Bluu la Fundi Saa

Klabu yetu ina wanachama wanne, viti vitatu na dadu moja. Dadu yenyewe tuliichonga kwenye soli ya kandambili, kwa hiyo ukiirusha kwa hasira inadunda na kutoka nje kabla hujajua umepata ngapi. Viti ni vitatu kwa sababu mimi ndiye mwenyekiti, na mwenyekiti husimama.

Mchezo tuliubuni wenyewe. Ile ya dukani, yenye maboksi yanayong'aa, bei yake ni kama unanunua na muuzaji. Sisi tulichora visiwa kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa kitambaa cha meza cha plastiki, majeshi tukafanya vifungo vya nguo, tukaanza kupigana. Vifungo vilitoka kwa shangazi yangu, fundi cherehani. Ukumbi pia ni wake: kila Jumapili alasiri anatuachia meza yake ndefu ya kukatia vitambaa, nasi tunamlipa kwa kuokota pini zote sakafuni. Kuna siku tunaziokota kwa nyayo.

Vita vyetu haviishi siku moja. Jioni ikifika tunaiacha ramani vilevile upande wa ukutani, tunaifunika kwa boksi lililokunjuliwa, na wiki nzima shangazi anakatia nguo upande uliobaki huku akinung'unika kwamba visiwa vyetu vinazaliana.

Kanuni kubwa tunayo moja: kifungo kisichokuwa mezani kimekufa. Mlinzi wa kanuni hiyo ni binamu yangu, muuza makava ya simu, ambaye tunamwita Hakimu. Ajabu ni kwamba tuliiweka kwa ajili yake, maana kila alipokaribia kushindwa alikuwa akigundua wanajeshi wapya chini ya kiti.

Mwanachama wa tatu ni Nesi wa kituo cha afya, dada mpole sana mpaka umshikie kisiwa chake. Wa nne ni Fundi Saa. Kibanda chake kinatazamana na mlango wa shangazi, na tangu klabu ianze hajawahi kushinda hata mchezo mmoja. Si kwamba hana akili. Tatizo ni kwamba anaiinamia ramani kana kwamba kuna kigurudumu kimekwama ndani yake, na akija kukipata, sisi tumeshamzunguka.

Safari hii, huo uzito wake ulimsaidia. Mimi na Hakimu tulirukiana kwa pupa mpaka tukamalizana. Nesi alibaki na kisiwa kimoja kikubwa na vifungo vyake vyeupe, na pande zote za kisiwa hicho walikuwa wamekaa bluu wa Fundi Saa, wametulia kama wageni waliokuja kulala. Kilichomwokoa Nesi ni zamu ya kazini. Alitazama saa ya ukutani, akachukua mkoba, akasema tutaonana Jumapili.

Wiki hiyo Fundi Saa hakushikika. Ukimpelekea saa anakurudishia huku anakueleza habari za visiwa. Kosa lake ni kumweleza na mkewe. Mama yule amesikia "leo nilikaribia" kwa muda mrefu hivi kwamba hata wali ukiungua anamwambia, "Kula tu baba watoto, ulikaribia kuiva." Safari hii hakutania. Alisema, "Jumapili nakuja mwenyewe. Nataka nikuone unashinda, angalau mara moja, tuachane na haya maneno."

Basi Jumapili akaja, kajifunga kanga mpya, akakaa kwenye kiti cha Nesi ambaye alikuwa hajafika. Fundi Saa akasugua mikono. Mimi nikaliinua boksi.

Weupe walikuwepo. Bluu hakuna. Hata mmoja.

"Shangazi," nikaita.

Cherehani ikanyamaza. "Nini tena?"

"Vifungo vya bluu viko wapi?"

"Vile? Kwani vilikuwa vya mchezo?" Akavua miwani. "Kituo cha afya walitaka sare zao juzi, vifungo vikaniishia katikati ya kazi. Nikafunua hapo, nikaona vimelala tu, havina shughuli."

"Vilikuwa vitani, shangazi."

"Mbona havikuniambia?"

Hapo ndipo Nesi alipoingia, moja kwa moja kutoka kazini, na sare mpya. Kuanzia shingoni mpaka kiunoni, vifungo vya bluu, vimepigwa mstari kama gwaride. Fundi Saa akakodoa macho kwenye kifua cha Nesi, akakumbuka mkewe yupo, akahamia haraka kwenye dari.

"Dada Nesi," Hakimu akasema, "umevaa jeshi la mtu."

Ikabidi aelezwe. Akajitazama, akashika kifungo cha juu, akaona aibu kana kwamba ndiye aliyeiba. "Na wenzangu watano wamevaa hivihivi," akasema. "Mmoja yuko chumba cha wazazi sasa hivi."

Hakimu akakohoa. "Mimi sina ubaya na mtu, lakini kanuni mnaijua. Kisichokuwa mezani kimekufa."

"Labda Nesi apande mezani," nikasema.

"Rudia," Nesi akaniambia. "Sindano ninazo kwenye mkoba."

Mke wa Fundi Saa akamgeukia mumewe. "Kwa hiyo leo umeshindwa hata kabla hujacheza. Hii ni mpya, siwezi kukataa."

Yule mzee hakubisha. Alichukua kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Kanuni ni kanuni. Hata mimi niliipigia kura," akasema. "Twende nyumbani, mama watoto." Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hapo ndipo sote, hata Hakimu, tulipotamani ramani nzima ichanike.

"Kaa, mzee wangu," Nesi akasema. "Shangazi, nipe vifungo vyovyote."

Shangazi aliingia nyuma, akarudi na kopo la kioo ambalo hata mimi damu yake sijawahi kuruhusiwa kuligusa: vifungo vya rangi ya dhahabu, vya magauni ya harusi. Akaliweka mezani mwenyewe. "Kikipotea kimoja, mtacheza uani na kuku."

Nesi akaanza kupanga jeshi la adui yake. "Wiki nzima nafunga vidonda huku natafuta njia ya kutoka kwenye kile kisiwa," akasema. "Najua walikokaa kuliko ninavyojua chumba changu. Hapa watatu."

"Hapo wawili," Fundi Saa akasema.

"Watatu."

"Wawili, mwanangu. Wa tatu nilimpeleka bandarini."

"Bandarini walikuwa wanne bila huyo."

"Usinipendelee."

"Nani anakupendelea? Nimewaota."

Wakabishana hivyo ramani nzima, kila mmoja akijitia hasara mwenyewe, na Hakimu akakaa mdomo wazi. Kanuni zake zote zilikuwa za wezi.

Mwishowe dhahabu ikawazunguka weupe. Fundi Saa alihitaji nne au zaidi. Akaishika dadu kwa vidole viwili kama anavyoshika skrubu ya saa ya kike, akaiachia taratibu mno, ikaanguka bila kudunda. Mbili. Mkewe akavuta pumzi. Nesi akajibu shambulio, akakosa. Fundi Saa akaitupa tena, safari hii kama mtu, ikadunda kwenye pasi, ikagonga kopo, ikatulia mbele ya shangazi.

"Tano," shangazi akasoma. "Hiyo ni nzuri au mbaya?"

Nesi akaondoa weupe wake mmoja mmoja, akampa Fundi Saa mkono. Mzee akaupokea kwa mikono miwili, kisha akabaki anatuangalia. Nadhani hakuwa amejiandaa kwa sehemu hiyo.

"Ndiyo hii sasa?" mkewe akauliza.

"Ndiyo hii."

"Hongera, mume wangu." Alisema bila utani, na Fundi Saa akainamisha kichwa kuficha tabasamu lililomshinda ukubwa. Kisha yule mama akaisogelea ramani, akaweka kidole kwenye kisiwa kidogo cha kaskazini. "Ila hapa kulikuwa wazi. Huyu binti angepita hapa, akakurudia kwa nyuma, ukalia."

Nesi akakitazama kile kidole, akafumba macho. "Wiki nzima," akasema polepole. "Wiki nzima nimetafuta."

Hakimu akakichukua kiti chake, akakisogeza mbali kidogo na yule mama.

Yeye alikwisha kukunja kanga, amejiweka sawa mezani. "Mimi nipeni vya kijani," akasema. "Na nani anaanza?"