Homa ya Bakhita

Sehemu ya Bakhita iliyobaki hai ilikuwa ndogo kuliko punje ya wimbi, nayo ilikaa kwenye kisahani cha kioo ndani ya kabati la joto, katika maabara alimofanya kazi Nasambu.

Bakhita, mshonaji wa Kibera, alikuwa ametoa idhini mwenyewe uvimbe wake ulipokatwa. Miezi minne baada ya mazishi, seli zake zilikuwa zingali zikizaana. Nasambu alizitia polima inayong'aa: seli ikipata joto, mwanga huongezeka, ikipoa, hufifia. Hivyo alipima joto la ndani, pasipofika kipimajoto chochote.

Jumatatu, saa saba mchana, mwanga ulipanda kwa kiasi cha nyuzi mbili nzima za joto, kisha ukashuka. Kabati halikuwa limebadilika. Jumanne, saa ile ile, ukapanda tena. Jumatano alibadilisha kabati, akabadilisha hata polima, ukapanda. Seli za wagonjwa wengine zilitulia tuli.

Alhamisi alitoka Kawangware alikopanga, akaenda Kibera kwa mume wa marehemu, Mzee Hamdan.

"Mzee, mama alikuwa anaumwa aje siku za mwisho?"

"Homa. Ilikuwa inakuja saa saba, kila siku. Nakaa naye tu mpaka ishuke." Akamkazia macho. "Mbona unauliza, binti yangu?"

Utafiti wa Nasambu wa miaka mitatu sasa ulitegemea kisahani kile, na uongo ulikuwa karibu na ulimi wake. Akasema kweli: seli za Bakhita zilikuwa hai bado, na kila saa saba zilipata joto.

Mzee aliweka chini kikombe chake cha chai. "Na huko kwenu," akauliza, "nani anakaa naye?"

Kwa miezi minne Nasambu alikuwa amemwandika Bakhita kama sampuli namba tisa, na mwandiko wake haukuwahi kutetereka.

"Nirudishie nimzike," mzee akasema.

Ijumaa asubuhi Nasambu alizimiminia seli dawa ya kuziua, akahakikisha mara mbili kwamba zimekufa, akafungia kisahani ndani ya boksi la barafu. Baada ya swala walikwenda makaburini wawili tu. Mzee alichimba kishimo, akafungua boksi, akakishika kisahani. Akashtuka. Ilikuwa saa saba na ushei.

"Shika."

Barafu ilikuwa nzima, haijayeyuka hata chembe. Kioo kilikuwa na joto, joto la paji la uso wa mgonjwa.

"Tufukie?" mzee akanong'ona.

Nasambu alikuwa ameshaketi vumbini, viganja vyote viwili vimekifumba kisahani.

"Bado," alisema.