Mkoba wa Mapazia

Mkunga alifungua mkoba uliokaa mlangoni tangu mwezi uliopita, akavuta pazia kuukuu. Akavuta la pili. Kadi ya kliniki hamna, nguo za kubadili hamna, kitambaa cha kumfunikia mtoto hata cha dawa. Akageuka kumtazama mjamzito aliyepiga magoti kando ya kitanda, naye akautazama ukuta.

Masharti ya mkunga huyu yalikuwa mawili tu: hazalishi nyumbani mpaka mkoba wa hospitali umefungashwa, na akisema "twende", hakuna mjadala. Mjamzito aliitikia huku moyoni ameshakata shauri kutokwenda. Mkoba aliujaza mapazia ili uonekane umeshiba. Hospitali alishaionja kwa mtoto wa kwanza: alichanwa bila kuulizwa, akashonwa kama gunia, na alipolia akaambiwa anajidekeza. Aliapa hatarudi, na kiapo hicho alikilea kama mimba ya pili.

Sasa mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yakishuka kila uchungu ulipokuja, na yalichelewa kupanda. Mkunga alisikiliza mara tatu kwa chombo chake cha mti, jicho kwenye saa. Mume, seremala ambaye leo hakujua mikono yake aiweke wapi, alishatumwa kumwomba jirani gari, na injini ilikuwa ikinguruma nje.

"Twende," mkunga alisema.

"Uliniahidi nitazalia hapa."

"Niliahidi kusikiliza, mwanangu. Wewe nimekusikiliza miezi mitano. Leo anasema mwenzio wa tumboni."

Mjamzito alitaka kumchukia mkunga yule, akashindwa. Usoni pake hapakuwa na ushindi wala hasira juu ya mapazia. Mkunga alikuwa anaogopa, wala hakuficha. Kule hospitali hakuna aliyewahi kuogopa kwa ajili yake. Akanyoosha mkono ainuliwe.

"Watakuzuia mlangoni," alisema.

"Huenda wakanizuia. Lakini ulimi unao mwenyewe."

Garini alilala ubavu wa kushoto, kichwa mapajani mwa mkunga, mume akiyahesabu matuta ya barabarani kwa sauti kana kwamba yangemwogopa yapungue.

Muuguzi aliwapokea huku akivaa glavu. Aliuliza huyu mama mwingine ni nani, na bila kungoja jibu akashika ukingo wa shuka aliyofunikwa mjamzito. Mjamzito akaishikilia shuka. Mara ile ya kwanza alinyamaza, na kimya chake kilimtafuna miaka minne.

"Ni mkunga wangu, anakaa na mimi," alisema. "Na wewe dada, kabla hujanigusa, niambie unataka kufanya nini."

Muuguzi alisita. Mkunga akatumia nafasi hiyo kumweleza kwa ufupi: mapigo mangapi, tangu saa ngapi. Muuguzi akaiachia shuka, akazunguka hadi upande wa kichwa, akainama mpaka macho yao yakakutana.

"Nataka kumsikiliza mtoto," alisema. "Niruhusu."

"Sikiliza."

Muuguzi akaweka kifaa tumboni. Mume aliganda mlangoni. Mkunga akaushika mkono wa mjamzito, na mjamzito akaukazia macho uso wa muuguzi, akisubiri kuona kama naye ataogopa kwa ajili yao.