Wageni wa Baraza

Ubaya Mayasa hakuwa nao. Hilo tuliseme mapema, maana wapo watu wa mtaa wa Bertrams, kule kusini mwa Afrika, wanaomtaja mpaka leo huku wakisonya. Alichokuwa nacho ni malezi ya Tanga. Mtu wa malezi hayo akisikia mgeni anakuja, hata kama jikoni hamna kitu, atahangaika mpaka mgeni akae pazuri, ale ashibe, aondoke akisifu. Shida za ndani anazisitiri. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na ndiyo yaliyomponza yeye na jengo zima.

Jengo lenyewe lilikuwa mali ya jiji, na lilikuwa limechoka kupita kiasi. Maji ya bomba vyumbani yalishakatwa, watu wakawa wanachota uani kwa foleni. Nyaya za umeme zilining'inia ngazini, kila mtu kajiungia wake. Chumba kimoja kiligawanywa kwa mbao na maboksi, kila kipande na familia yake. Upande wa pili wa ubao wa Mayasa aliishi mzee Balthazar, fundi viatu kutoka Burundi, mwenye kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Ndugu zake wote walikuwa wametawanyika, hajui nani yuko wapi. Mayasa alimpelekea uji kila asubuhi kabla hajaenda kuuza vitumbua karibu na uwanja wa Ellis Park.

Siku moja diwani wa eneo hilo akaja, akawakusanya uani. Aliwaambia wazi kwamba jengo litafungwa. Baraza la jiji lilikuwa linapanga bajeti ya mwaka, na humo lilikuwamo fungu la makazi ya muda kwa watu watakaohamishwa, ila fungu hilo lingetosha jengo moja tu kati ya mawili yaliyokuwa yafungwe. Wakaguzi wangepita kuangalia ni wapi watu wana hali mbaya zaidi, kisha madiwani wangepiga kura. Belyse, msichana wa Kirundi aliyekuwa anasuka nywele ghorofa ya chini, alitafsiri neno kwa neno, na kila mtu akaelewa.

Mayasa naye alielewa, ila alielewa kwa moyo wake.

"Jamani, sisi hapa tunaitwa wageni," aliwaambia majirani. "Wakitukuta kwenye uchafu watasema ndio sisi tulioharibu jengo lao. Wakitukuta watu wa heshima, watatuonea haya kututupa nje. Tupange nyumba."

Nani angembishia? Kila mmoja wao alishatukanwa barabarani kwa sababu ya kwao alikotoka. Wakashika mafagio. Mbao za vyumba ziling'olewa, magodoro yakapelekwa kwa rafiki wa Belyse kule Troyeville, nyaya zikafunikwa kwa khanga. Zulia likaazimwa msikitini. Mayasa akafukiza udi na kubandika pilau.

Akabaki mzee Balthazar na mguu wake unaonuka.

"Mzee wangu," Mayasa alisema, macho chini, "nilikuwa nafikiri, leo ungekwenda kupumzika kanisani kwenu mpaka jioni."

"Mama Kidawa, mi naelewa," mzee akajibu; alizoea kumwita kwa jina la binti yake. "Iko sawa. Mtu mgonjwa anaharibu sura ya nyumba."

Belyse alimvuta Mayasa pembeni. "Dada, mtu kama huyu si ndiye wanakuja kumutafuta? Waache wamuone!"

"Utamkalisha mgeni ale pilau huku anatazama kidonda?" Mayasa alimkemea. Wanaume wawili wakambeba mzee kwenye ngazi, wakaenda naye.

Wakaguzi walikuwa mwanamke mmoja na kijana mwenye kamera. Walikaribishwa kama maharusi. Mwanamke alivua viatu mlangoni, akala, akaomba aongezewe.

"Eish, mama, unaishi vizuri kuliko mimi," alisema, na Belyse alipotafsiri, Mayasa alicheka kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu aingie nchi ile. Akaulizwa wanalala wangapi humo. Akasema yeye na binti yake tu. Akaulizwa, jengo likifungwa, wana pa kwenda?

"Alhamdulillah, ndugu tunao," akajibu. Mtu aliyelelewa angejibu nini kingine?

Siku ya kura, walikaa viti vya nyuma ukumbini, wamevaa nguo za kutokea. Ukutani zikaonyeshwa picha za jengo lile jingine, watoto wamelala kwenye sakafu yenye maji. Kisha ikaja picha ya zulia, khanga na sinia la pilau. Msomaji wa taarifa akasema wakazi wa Bertrams ni wachache, wana hali nzuri na wanaweza kujitafutia makazi.

Mayasa hakujua amesimama saa ngapi. "Nilidanganya!" alipiga kelele, Belyse akimfuata kwa Kiingereza. "Mbao tulizing'oa wenyewe! Tunalala kama magunia! Yuko mzee mgonjwa, mimi ndiye niliyemwondoa!"

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza, tena kwa upole, "Mama, tuamini ya siku ile au ya leo?"

Mikono ikanyooshwa, fungu likaenda kwa wenzao, na Mayasa hata kuwalaumu hakuweza, kwa kuwa wale watoto wa kwenye maji aliwaona kwa macho yake.

Walipokuja kufunga jengo, mpwa wake Seif alimfuata na pikapu kutoka Rosettenville. Alikuwa amepanga chumba cha uani nyuma ya duka la simu. "Shangazi, ni wewe na Kidawa tu," alishasema. "Akizidi mtu, mwenye nyumba ananitoa na mimi."

Mzee Balthazar alikuwa amekalishwa kwenye kiti ukingoni mwa barabara, kifurushi mapajani. Afisa aliyekuwa anasimamia kazi akapita kwa kila mtu akiuliza anakwenda na nani. Alipofika kwa mzee, alimtazama mguu, akageuka kumtafuta mtu wake, akamwona Mayasa amesimama karibu.

"Huyu ni baba yako? Unaondoka naye?"

Seif alikuwa ameshawasha gari. Kidawa yuko ndani, anatazama. Mayasa alitamani ardhi impasukie, na ardhi haikupasuka.

"Ni jirani," alisema. "Jirani tu."

Mzee Balthazar, aliyesikia kila neno, akaitikia haraka kwa kichwa, ili yule afisa asiendelee kumsumbua Mama Kidawa kwa maswali.