Mshika Waya

"Mama Mitchel, kwani marehemu wako bado hawajampa likizo?"

Awinja aliuliza swali hilo alasiri ya Jumamosi, ameegemea ua wa michongoma, Teresa akichambua mboga ya mrenda kwenye ungo. Makhanu, mume wa Teresa, alikuwa amepita njiani sasa hivi akielekea kanisani, amevaa suti aliyozikwa nayo, udongo mwekundu ungali mabegani. Alimsalimia Awinja kwa kichwa.

"Bado," Teresa akajibu. "Leo wana mazoezi ya kwaya."

"Na jana mvua ilimnyeshea hapa hapa. Mwambie avae gambuti." Awinja akarudi kwa kuku wake.

Makhanu ndiye aliyekuwa mpiga kinanda wa kigango cha pale Shirere. Kinanda chenyewe kilikuwa cha umeme, na sauti zake nzuri, filimbi na fidla na ngoma, zilitoka kwenye tableti iliyounganishwa nacho kwa waya. Waya ule ulikuwa na tabia zake. Kwanza unawasha kinanda, kisha unachomeka, ndipo unafungua tableti. Ukivuruga mpangilio huo, kimoja kinajifanya hakimjui mwenzake. Makhanu alivielewa. Alivilaza pamoja juu ya kabati, vimefunikwa kitambaa kimoja, na miaka yote hiyo havikuwahi kuachana katikati ya wimbo.

Alipokufa, siku ya wafiwa kunyolewa ikafika, wazee wa ukoo wakaketi wakagawa vitu vyake kama desturi inavyotaka. Koti likaenda kwa mpwa, baiskeli kwa binamu, kinanda kwa Chrispinus mdogo wake. Tableti, kwa kuwa hakuna aliyejua ni ya kazi gani, ikaachiwa mjane. Waligawa kama watu wanaompa huyu jembe na yule mpini. Wakamshukuru Mungu, wakala ingokho, kuku wa wageni, wakaenda zao.

Chrispinus akawa kiongozi wa kwaya. Kila Jumapili alibeba kinanda kutoka kwake, Teresa akabeba tableti kutoka kwake, wakakutana karibu na altare. Wakaviunganisha, na kabla ubeti wa pili haujaisha vikaachana. Walinunua waya mpya mjini. Walijaribu bila waya. Kiprop, fundi wa simu, alipuliza vumbi, akabandika plasta, akasema hivi vitu ni vizima, hajui vinanuniana kwa nini.

Jumapili moja ya mvua, wakiwa kwenye wimbo wa matoleo, Makhanu aliingia kwa mlango wa pembeni. Alipiga goti, akafanya ishara ya msalaba, akachuchumaa kando ya kinanda na kuukandamiza waya kwa kidole gumba. Wimbo haukukatika tena. Padre aliendelea kupokea ndizi na mayai. Baada ya misa Wanzala, mwenyekiti wa kigango, alisoma matangazo, akaongeza kwamba wanamshukuru pia ndugu Makhanu kwa kujitolea.

Tangu siku hiyo kwaya ikaanza kualikwa huku na huku. Harusi za Ekero, shukrani za Matungu, hata mazishi. Huko mazishini wafiwa walimpangia Makhanu foleni ili wampe salamu za kupeleka. Alizipokea zote. Akimaliza alipitia nyumbani, akakaa kwenye kibao nje ya jikoni. Teresa alimwekea obusuma, ugali wa moto, na mrenda. Hakula. Alinusa mvuke mpaka ukaisha, kisha kuku wakala.

"Mama Mitchel," alimwambia jioni moja, "kule wenzangu wanalala. Mimi nikianza tu kusinzia, nasikia kinanda kinaita."

"Kidole kinauma?"

"Hakiumi. Kinaisha."

Akamwonyesha. Ukucha ulishatoka, na gumba lilikuwa bapa kama kipande cha sabuni kilichosahaulika karaini.

Jumapili iliyofuata Teresa alibaki nyumbani na tableti, akasali rozari peke yake, akidhani asipoipeleka mumewe hataitwa. Chrispinus akaazima tableti ya mwalimu Lusweti. Kinanda kikaikataa kama ndama anavyokataa ng'ombe asiye mama yake. Makhanu akaja vilevile, akavishikanisha kwa mikono miwili mpaka baraka ya mwisho. Alipopitia nyumbani hakuweza kufunga vifungo vya suti. Teresa ndiye aliyemfungia. Akajua kwamba kubaki na tableti ni kumwongezea kazi, akaanza kuipeleka tena.

Kila jioni alimwombea. Raha ya milele umpe ee Bwana. Zamani sala hiyo ilitoka yenyewe. Siku hizi akifika pale kwenye apumzike kwa amani, ulimi ulisimama, maana hakutaka kumwambia Mungu maneno ambayo yeye na Mungu wote wawili wanaona si kweli. Kanisani hawakuwa na shida. Wanzala alisoma jina la Makhanu katika maombi ya marehemu, na Makhanu, akiwa amechuchumaa palepale, aliitikia "Ee Bwana, utusikie" pamoja na waumini wengine.

Ile Jumamosi aliyoulizwa na Awinja, Teresa aliacha mrenda kwenye ungo, akaifunga tableti kwa leso, akaenda kanisani. Kamati ilikuwa imeketi kwenye benchi la mbele. Soprano walikuwa wakirudia mstari uliowashinda, Makhanu akiwa chini pale pale penye waya, ambao leo ulikuwa umechomekwa kwenye tableti ya Lusweti.

"Shemeji," Teresa akamwambia Chrispinus aliyeketi kwenye kinanda, "nirudishie hicho kinanda. Vilale pamoja kama zamani, na mwenyewe alale."

"Shemeji, hicho nilipewa mbele ya wazee. Nikikirudisha nitakuwa nimewatukana. Hata wewe unajua."

Teresa alijua. Alikuja na jibu lake. Alifungua leso akaitoa tableti. Ndani yake mlikuwa na nyimbo zote za mumewe, na sauti yake akihesabu moja, mbili, tatu, kabla ya kwaya kuingia. Nguo zake ziligawiwa, viatu viligawiwa. Sauti hiyo ndiyo iliyobaki. Akaiweka kwenye magoti ya Chrispinus.

"Basi chukua na hii. Vilale kwako. Mimi nimeachilia."

Chrispinus aliitazama kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wageni. Wanzala akakohoa.

"Mama Mitchel, una moyo mzuri, Mungu anaona. Lakini tuongee ukweli. Vikilala pamoja, Makhanu hatakujanga tena."

"Ndiyo."

"Na kwaya iko na mialiko mpaka Desemba. Hao watu wa Matungu hawaiti sauti, mama. Sauti wako nazo. Wanaita mshika waya."

"Amechoka, mwenyekiti."

"Mbona mimi hajaniambia?" Chrispinus akageuka. "Kaka, umechoka?"

Soprano wakaukatiza mstari wao. Makhanu aliinua kichwa, akawatazama wote. Tangu azaliwe hakuwahi kukataa kazi ya kanisa mbele ya watu.

"Endeleeni tu," akasema.

"Si umesikia?" Chrispinus akasema. "Kaka hajawahi kuwa mvivu."

Pascalia, mweka hazina, alipendekeza marehemu anunuliwe mto wa kukalia, na ashonewe kifuko cha ngozi cha kidole. Wote wakaunga mkono. Wanzala akaichukua tableti kwenye magoti ya Chrispinus, akamrudishia Teresa kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Hii irudi kwako, mama, na kinanda kilale kule kwa shemeji. Utaileta Jumapili kama kawaida. Sasa tusimame tumwombee marehemu, twende nyumbani."

Wakasimama. Makhanu naye akasimama nusu, kwa kuwa waya ulikuwa mfupi.

"Raha ya milele umpe ee Bwana," Wanzala akaanza.

"Na mwanga wa milele umwangazie," wakaitikia, Makhanu pia, gumba likiwa juu ya waya.

Kisha wakangoja. Pale kigangoni mstari wa mwisho, apumzike kwa amani, ni wa mjane. Walimtazama Teresa, na Makhanu akamtazama.

Teresa aliifunga tableti kwenye leso, akakaza fundo. Akatembea mpaka mlangoni, akachovya kidole kwenye maji ya baraka, akatoka.