Kichwa cha Kinyozi

Mdomo ndio uliomponza kinyozi siku ile kliniki, na hakuwa na wa kumlaumu, maana mdomo ulikuwa wake mwenyewe.

Alikwenda kuonyesha miguu. Jioni akishafunga saluni viatu viligoma kutoka, ikabidi mkewe aketi sakafuni, akanyage ukuta kwa mguu mmoja, avute. Muuguzi aliibonyeza miguu ile kwa kidole gumba, akatazama shimo lililobaki, akapima presha, akaguna. Halafu akasema bila kuzunguka: kusimama kutwa kunammaliza. Miguu isipopata mazoezi, tena mazoezi yasiyoyatesa magoti, mwaka hautaisha kabla hajakiuza kile kiti chake cha kuzunguka na kubaki nyumbani kuhesabu nzi.

Kinyozi bila kiti! Alijisikia kama aliyekatwa sikio.

"Kwa hiyo nataka lengo," muuguzi akasema. "Usiniambie utajitahidi. Kila anayeketi hapo huniambia atajitahidi. Nipe kitu ambacho mtu akikuona unakifanya atasema kweli, huyu kafanya."

Ukutani palibandikwa picha ya mtu anayeogelea, meno yote nje. Mwenye akiba ya maneno angesema atatembeatembea jioni, basi. Huyu hakuwa na akiba. Maneno yake yote yalitumika siku hiyohiyo.

"Nitaogelea," akasema. "Bwawa zima, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili."

"Unajua kuogelea?"

"Kujua ni nini, mwanangu? Nitajua."

Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kikubwa, kiti cha kuzunguka na benchi la kungojea, na humo hapakuwa na ugonjwa ambao kinyozi hajautolea ushauri. Mwenye sukari aliambiwa aache soda, asiyepata usingizi aliambiwa aoge maji ya moto, mwenye kitambi aliambiwa apande ngazi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Huyu alijinyoa. Alisimama kati ya kioo kikubwa na kioo cha mkononi, akapinda mkono nyuma, na kila mara mstari wa kisogoni ulitoka umepanda upande mmoja kama bati lililoinuliwa na upepo. Mkewe alimwomba tangu mwaka wa harusi: nipe hiyo mashine, nikunyooshee hapo nyuma tu.

"Mikono mingi nimeiona, Mama Pacha," kinyozi alimjibu kila mara. "Kichwa changu sikipi mtu."

Mama Pacha, ambaye aliwazaa hao pacha, akawalea na kuwaozesha, na bado akawa anakanda unga katika kiwanda cha mikate kila alfajiri, alikuwa akicheka na kuendelea na yake.

Basi kinyozi akaenda bwawani. Ilikuwa likizo ya shule, na somo la wanaoanza lilikuwa asubuhi, kabla ya saluni kufunguliwa. Wanaoanza wote, ukimtoa yeye, walikuwa hawajamaliza kung'oka meno ya utoto. Walijipanga ukingoni wakitetemeka, na yeye mwishoni mwa mstari, kaptula mpya imevutwa hadi kitovuni, tumbo mbele, naye anatetemeka kuwashinda. Mwalimu alikuwa msichana mwembamba mwenye filimbi shingoni na sauti iliyomzidi umbo.

Sheria yake ilikuwa moja. Hakuna anayegusa kina kirefu kabla hajajua kuelea chali.

"Ukijua kuelea," alisema, "maji hayakuwezi. Lala. Legeza shingo, baba. Niachie kichwa."

Kinyozi akashtuka. Maneno hayo yalikuwa yake! Legeza shingo, niachie kichwa: hayo ndiyo aliyowaambia wateja tangu asubuhi hadi jioni, na wote, wakubwa kwa wadogo, walimwachia. Akalala. Mwalimu akamshika kisogoni. Shingo ikakakamaa kama nguzo ya umeme, kidevu kikapanda, matako yakashuka, na kinyozi akaenda chini moja kwa moja kama sufuria. Alipoibuka, alikuwa amekunywa maji ya kutosha chai ya watu wengi.

Watoto walifurahi hata wakasahau baridi. Tangu siku ile akawa Babu Nanga. "Shikamoo, Babu Nanga!" walimwamkia kwa adabu zote, na kabla hajamaliza kuitika marahaba walikwisha kummwagia maji usoni.

Ajabu ni kwamba alipenda. Hakumwambia mtu mara moja, maana yeye alikwenda kutafuta dawa, na dawa haipendwi. Lakini alipenda kupuliza mapovu. Alipenda kushika boya na kupiga mateke hadi maji yakarukia mabati ya paa. Alipenda kushindana na mtoto mmoja asiye na meno ya mbele, na alipenda zaidi siku aliyomshinda, ingawa mtoto yule aliapa kwamba babu alianza kabla ya filimbi. Na ni kweli alianza kabla ya filimbi.

Akaanza kufika bwawani mapema kuliko mwenye funguo. Akaanza kuimba saluni. Mchana, wateja wakipungua, alilala kifudifudi juu ya benchi la kungojea na kupiga mateke hewani. Siku moja seremala wa jirani aliingia kutaka kunyolewa ndevu akamkuta ametumbukiza uso wote kwenye beseni la kuoshea vichwa, hatikisiki, mikono inaning'inia. Seremala akapiga yowe, akamkamata mabega, akamnyanyua.

"Mbona umenikatisha?" kinyozi akafoka, maji yanamchuruzika. "Nilikuwa karibu kuvunja rekodi!"

"Rekodi ya nini? Ya kufia kwenye beseni?" Seremala akaketi kitini, bado anahema. "Hebu niambie. Mbao yangu yoyote, hata ile mbovu, nikiitupa majini inaelea. Wewe una nini ndani?"

"Siri za wateja," kinyozi akasema, akimfunga kitambaa shingoni. "Mzigo wake huujui. Zako peke yake zinatosha kuzamisha meli."

Walicheka hadi kinyozi akalazimika kuweka wembe chini.

Viatu navyo vikaanza kutoka vyenyewe. Jioni moja Mama Pacha aliketi sakafuni, akakanyaga ukuta, akavuta kwa nguvu zake za kawaida, na akaangukia chali na kiatu mkononi. Walitazamana. Kisha wakacheka kama watoto waliovunja kitu.

Lakini kuelea, hapana. Watoto walielea mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki yeye. Na likizo ilikuwa inaisha. Mwalimu alimweleza kwa upole: shule zikifunguliwa darasa hili linafungwa, na jioni yeye huwachukua waliokwisha kuelea tu. Wengine hungoja likizo nyingine. Kinyozi aliitazama miguu yake, ambayo ndiyo kwanza imeanza kufanana na miguu, akaelewa anachoambiwa. Akipoteza bwawa, miguu itavimba tena. Miguu ikivimba, kiti kinaondoka. Na mbaya zaidi, mambo haya alikuwa ameshayapenda.

Usiku wa kuamkia siku ya mwisho alitandika godoro sakafuni, akalala chali juu yake.

"Mama Pacha, njoo unishike kisogo. Nifanye mazoezi."

Mkewe akapiga magoti, akaweka kiganja. Kichwa kilikuwa juu, hakigusi kiganja wala godoro.

"Legeza," akasema.

"Nimelegeza."

"Baba Pacha, hapa hakuna maji."

"Najua."

"Huwezi kuzama godoroni."

"Najua! Nimelegeza!"

Mama Pacha alicheka hadi akajifuta macho na kanga. Kisha kicheko kikakatika, mkono bado uko pale chini, mtupu. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Unga ukikazwa sana hauumuki, mume wangu. Hilo nalijua. Lakini kuna jambo silijui. Mimi siku ile ya pacha, nilipodhani nakufa, nilikushika shati nikakuachia kila kitu. Roho yangu yote nilikuachia wewe. Miaka yote hii nalala usingizi wa pono kwa kuwa wewe upo. Wewe kunipa kichwa tu, kichwa chenyewe hiki kilichonyolewa upande, kinakushinda?"

Kinyozi aliinuka, akalikunja godoro. Maneno yale yalimuuma, maana yalikuwa kweli, na alilala na ukweli huo ubavuni hadi kulipokucha.

Asubuhi bwawa lilijaa. Mtu akitangaza jambo saluni asitegemee kulifanya peke yake. Benchi zima la kungojea lilihamia ukingoni, na seremala mbele kabisa. Muuguzi wa kliniki naye alikuja, kasimama pembeni na mkoba wake, kuangalia lengo lake. Wazazi wa watoto walikuja kuona watoto na wakabaki kumwona babu.

Kinyozi akalala majini. Mwalimu akashika kisogo. Nguzo ya umeme. Chini.

"Mfa maji haachi kutapatapa!" seremala akapaza sauti.

"Babu Nanga! Babu Nanga!" watoto wakaimba, na si kwa ubaya, walimtakia mema kwa jina hilohilo.

Mara ya pili, chini. Alipoibuka na kukohoa, alimwona Mama Pacha anaingia mlangoni, moja kwa moja kutoka kiwandani, unga hadi kwenye viwiko. Kinyozi akapangusa macho. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kama kuna mtu anayejua habari za chawa, ni yeye.

"Mama Pacha!" akaita, na watu wote wakageukia mlangoni. "Njoo majini."

"Mimi?"

"Wewe. Nataka kichwa changu ukishike wewe."

Mama Pacha alitazama kushoto, akatazama kulia, akavua viatu.

Mwalimu akapiga filimbi. "Mama, samahani! Unga! Bafu kwanza!"

Basi umati wote ukangoja Mama Pacha aoge unga. Alirudi na gauni limelowa, akashuka ngazi za bwawa akipiga vijikelele kila ngazi, maji yakampanda magotini, kiunoni, gauni likavimba mbele kama mwavuli na yeye akawa analipiga makofi lishuke. Kinyozi akaanza kucheka. Mama Pacha akaanza kucheka. Hata mwalimu aligeuka pembeni.

"Lala," mkewe akasema.

Akalala. Kiganja kikaja kisogoni, kipana, chenye joto, kilichokanda mikate ya mji mzima. Masikio yakaingia majini na kelele zote zikazimika. Kinyozi aliona mabati ya paa, na uso wa mkewe umepinduka juu yake, unatiririka maji, unamngoja. Hakukuwa na haraka katika uso ule. Ulikuwa umengoja tangu mwaka wa harusi.

Akamwachia kichwa.

Hakufanya kitu kingine chochote. Shingo ilitoka mahali ilipokuwa imejificha ikalala, kifua kikapanda, tumbo likapanda, na vidole vya miguu, vile vile vilivyokuwa havionekani kwa uvimbe, vikachomoza juu ya maji vyote kumi.

Ukingo ulilipuka kwa shangwe. Yeye alisikia kama redio ya nyumba ya tatu.

"Piga mateke," mdomo wa mkewe ulisema, akasoma. Akapiga. Wakaondoka pamoja, yeye chali, mkewe akitembea kando na kiganja chini, hadi maji yakamfika mkewe kifuani, kisha shingoni.

Mama Pacha akainama sikioni mwake. "Mimi naishia hapa. Nakuachia."

"Haya," kinyozi akasema. "Niachie."

Na akaenda. Alikwenda upandeupande, kama mstari wake wa kisogoni, mwalimu akiogelea ubavuni, watoto wakikimbia ukingoni wakati kukimbia kumekatazwa, filimbi ikilia bila kusikilizwa na mtu. Alipiga mateke yote aliyojifunza kwenye benchi. Akafika upande wa pili bila kujua amefika, akajigonga utosi ukutani, ngo! Akashika ukingo, akaibuka, akacheka hadi akanywa maji tena, kwa hiari yake safari hii.

"Andika!" alimpigia muuguzi kelele. "Andika nimefika!"

"Na donge la utosi niliandike?"

"Liandike na lenyewe!"

Saluni siku ile ilifunguliwa mchana. Seremala alikuwa wa kwanza kwenye foleni, lakini alipoingia alisimama mlangoni asijue akae wapi. Kitini alikaa kinyozi mwenyewe, kitambaa shingoni, donge limesimama utosini, na kiti kimegeuzwa hata kioo kikubwa kikabaki nyuma yake. Kioo cha mkononi kilikuwa kabatini. Mama Pacha alisimama nyuma ya kiti ameishika mashine kwa mikono miwili.

"Nikikuharibu je?" akauliza, kicheko kinamtetemesha.

"Zitaota."

"Legeza shingo, basi."

Ilikuwa imelegea zamani. Mashine ikaanza kunguruma kisogoni, polepole, ikapita pale palipopinda. Nywele zikadondoka. Seremala akaketi benchini taratibu, akangoja zamu yake. Na kinyozi akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu saluni ile ifunguliwe, hakumpa mtu ushauri wowote.