Mkalimani wa Kapata

"Hata ulie mpaka kesho, Mama Fidélie, ile filamu mi siwezi kuikata," Gaston alisema. "Batu benyewe njo banaiomba."

"Mi siko nalia. Machozi unayaona wapi?" Fidélie alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika pazia la gunia. "Mi nasema mutoto yangu hajapata matanga, na weye unaweka sauti yake kwa bafle, batu bacheke."

"Banacheka filamu, mama."

"Banamucheka yeye."

"Yeye njo alitaka bacheke. Ilikuwa kazi yake."

Nyuma ya pazia kicheko kililipuka, kikashuka, na sauti ya Mechack ikaendelea, haraka haraka, kama mtu mwenye habari isiyoweza kungoja. Fidélie alikuwa sokoni akichagua dagaa alipoisikia mara ya kwanza. Aliziacha zile dagaa mezani kwa muuzaji. Toka sokoni mpaka kwenye banda la video la Gaston aliamini kwamba mwanawe amerudi. Alipofika akakuta bafle, spika nyeusi ya betri yenye kamba ya kubebea, na flash yenye ile sauti imechomekwa ubavuni.

Mechack alikuwa na miaka kumi na tisa. Mchana alichimba. Jioni, alimwambia mama yake, alifanya kazi ya ukalimani, na Fidélie hakuuliza zaidi. Kanisani kwao, mhubiri akija kutoka Lubumbashi na Kifaransa chake, lazima awe na kijana pembeni wa kugeuza maneno kwa Kiswahili, kijana mwenye shati safi na koo lenye nguvu. Mechack alikuwa na shati safi, na alilifua mwenyewe. Basi Fidélie akawatangazia akina mama wa kwaya kwamba mwanawe anatafsiri Neno huko Kapata, mtaa wa wachimbaji. Baadhi yao waliangaliana. Alidhani ni wivu.

Kisha usiku mmoja Mechack alishuka kuchimba kwa siri, na mvua ya Februari ikaangusha ukuta wa shimo la mzee Tata Kitenge. Wenzake walikuja na sururu na ndoo, lakini ushirika wenye machimbo uliwatangulia na tingatinga. Shimo likafukiwa asubuhi yake, kwa ajili ya usalama, walisema.

Ofisini kwa ushirika Fidélie alipokelewa na Kabamba, msimamizi mwenye koti la kijani linalong'aa, ambaye alizungumza huku akipangusa simu yake kwa kidole.

"Shimo lilikuwa tupu, mama. Tulihakikisha."

"Benzake balimwona anashuka."

"Wako wapi? Walete hapa. Ila uwaambie kwanza: anayekubali kwamba walichimba usiku, anakubali amevunja sheria, na kadi yake ya kuchimba inabaki hapa." Alitazama mlangoni. "Hawaji, eh? Mama, vijana wanaondoka. Wanapanda treni mpaka Dilolo mpakani, wanavuka kwenda Angola. Sisi tukiandika amekufa, kesho akirudi atatuambia nini?"

Mchungaji naye hakuwa na ubaya, ila bila mwili na bila karatasi hangeweza kufanya ibada ya maziko. Jumapili aliombea ndugu yetu Mechack aliye safarini. Kwa hiyo hakuna aliyeleta turubai uani kwa Fidélie, wala viti, wala sufuria kubwa ya kupikia ugali wa bukari. Hakuna mwanamke aliyekuja kutandika mkeka alale pamoja naye. Majirani walimsalimia barabarani wakiuliza, "Mechack amepiga simu?" Mwanzoni alijibu. Baadaye akaanza kupita njia ya nyuma, kando ya reli, mahali pasipo na watu wa kumuuliza.

"Ingia, mama," Gaston alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Nitairudisha mwanzo. Uone yote. Ukimaliza, ukisema niikate, nitaikata."

Ndani palikuwa giza na joto, na palinuka jasho na vumbi la madini. Vijana walikuwa wamekaa kwenye mbao, buti zao zimekauka tope. Walipoona filamu inaanza upya walipiga makofi. Fidélie alikaa nyuma kabisa.

Ilikuwa filamu ya Marekani ya miaka ya themanini. Wavulana wenye nywele zilizofura, kaptula zinazobana, simu za ukutani zenye waya mrefu. Walikuwa wamemaliza shule, na wameapa kwamba likizo haitaisha kabla kila mmoja hajalala na mwanamke. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yao. Mechack, akitafsiri juu ya sauti zao, alikuwa amewabatiza wote upya. Mnene alikuwa Mpoyi, mrefu Kabasele, majina ya wachimbaji wenzake, na yule mwoga, mwenye miwani, ambaye kila jambo lilimharibikia, alikuwa Mechack.

Maneno aliyowapa Fidélie hakuwahi kuyasikia yakitamkwa mbele ya watu. Alitazama magoti yake. Mechack wa filamu aliingia duka la dawa kununua kile ambacho vijana hununua kwa kunong'ona, na nyuma ya meza akamkuta baba wa msichana mwenyewe. "Sema kwa nguvu, mwanangu," sauti ya Mechack ikafanya sauti nzito ya mzee, "hii sikio moja inasikiaka Mungu peke." Banda likatetemeka. Kisha wote wakaenda kwenye bwawa la kuogelea, maji ya bluu, na sauti ya Mechack ikasema polepole, kama mtu anayefikiri:

"Muangalie shimo ya bazungu. Banaingia banacheka, banatoka banacheka. Hata mumoja habakie mule."

Hapo walicheka kuliko pote.

Halafu mvulana mwenye miwani akajifungia chumbani na gazeti la picha za wanawake, na mama yake akaja kugonga. Mama wa Kizungu mwenye aproni. Alipofungua kinywa, iliyotoka ilikuwa sauti ya Fidélie. Kikohozi chake kidogo cha kwanza. Jinsi anavyoshusha jina mwishoni.

"Mechack. Fungua mulango. Mi najua uko mule."

Na kabla sauti haijamaliza, banda zima likaitika pamoja nayo, neno kwa neno, kama kwaya: "Mi sikuzaa panya, mi nilizaa mutu."

Kijana aliyekaa mbele yake aliitika amefumba macho. Walimjua vizuri, vijana hawa: walijua anavyokohoa, anavyokasirika, anavyogonga. Hata mmoja hakugeuka kumtazama. Fidélie aliziba mdomo kwa kiganja, akahisi meno yake juu ya ngozi, na hakujua kama alikuwa anacheka.

Mwishoni mvulana hakupata alichoapa kukipata. Alikaa na msichana juu ya gari mpaka jua likatoka, basi. "Alilala mutoto, anaamka mukubwa," sauti ikasema. "Mukalimani wenu alikuwa Mechack wa Mama Fidélie. Murudie kesho."

Vijana wakatoka wakisukumana. Gaston akabaki amesimama kando ya televisheni.

"Niikate?"

"Hapana. Chomoa bafle."

"Bafle njo kazi yangu, mama. Unaipeleka wapi? Kanisa?"

"Kwa bale benye kusema shimo haikuwa na mutu."

Gaston aliichomoa kwenye umeme. Kisha akazungusha waya, akamwonyesha kifungo cha kuwasha na kile cha kurudisha nyuma. Fidélie alifungua kitenge chake cha juu, akainama, akaibeba bafle mgongoni kama mtoto, akakaza fundo kifuani.

Uwanja wa ushirika ulikuwa na waya wa miba na geti. Pale lilipokuwa shimo la Tata Kitenge palikuwa pamesawazishwa, pakashindiliwa, na malori yalikuwa yameegeshwa yakingoja mzigo. Fidélie hakwenda upande wa ofisi. Aliiweka bafle chini penye waya, uso wake ukielekea malori. Akabonyeza. Akatafuta mpaka akapafikia pale mama anapogonga mlango.

"Mechack. Fungua mulango. Mi najua uko mule."

Mlinzi wa geti aligeuka, kisha akacheka. Madereva walishuka. "Njo ule wa kwa Gaston," mmoja alisema. "Rudisha, mama, rudisha pale."

Fidélie akarudisha.

Kabamba alitoka na koti lake. "Mama, zima. Hapa ni mahali pa kazi." Akasikiliza, na uso wake ukafunguka. "Si huyo kijana wako? Haya. Mtu aliyekufa anachekesha watu hivyo?"

Hakumjibu. Alipiga magoti kwenye vumbi, kidole juu ya kifungo, akarudisha tena, akaongeza sauti mpaka ikaanza kukwaruza. Madereva walikuwa wengi sasa. Mmoja, akifuatisha filamu, aligonga ubavu wa lori lake kwa ngumi, ko, ko, ko, na wote wakaitika pamoja, wakicheka, wamesimama juu ya ile ardhi iliyoshindiliwa:

"Mi najua uko mule."