Sufuri za Bwana Digrii

Mizani ya ghala la mbegu ilisoma tarakimu nne baada ya nukta, na mpimaji aliziandika zote kwenye kompyuta: 2.5000 kabla ya mbegu kuingia kwenye tanuri, kisha uzito uliobaki zikishakauka. Programu ndiyo iliyotoa asilimia ya maji. Ikizidi kumi na tatu mzigo hautoki, maana mbegu zitaoza.

"Binti, hizo sufuri unampambia nani?" msimamizi alimuuliza, yule waliyemwita Bwana Digrii kwa kuwa hakumwacha mtu asahau kwamba anayo. "Andika 2.5. Unatuchelewesha."

Mpimaji alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na zilibaki siku nne. Akaandika 2.5.

Tangu hapo kila mzigo ulisomeka asilimia kumi. Kumi kamili, hata yale magunia yaliyonyeshewa njiani. Bwana Digrii akawa anatembea kifua mbele. "Mnaona kazi ikipangwa?"

Mpimaji alibonyeza mbegu ya magunia yale kwa ukucha. Ikabonyea kama nta. Akaingiza vipimo vilevile, safari hii na sufuri zake. Kumi na tatu nukta sita. Akaziondoa: kumi. Akarudia mpaka akaelewa. Programu inakuamini kwa kadiri ulivyoandika. Ukiandika 2.5, inadhani mizani yako haioni zaidi ya hapo, nayo inakujibu kwa kukadiria hadi kumi iliyo karibu.

"Shangazi, nikisema nitafukuzwa," mpimaji alimnong'oneza mfagiaji, aliyemwombea kazi ile.

"Na usiposema?"

"Nitaajiriwa."

"Basi kazi unayo, mwanangu." Shangazi akaendelea kufagia.

Siku ya nne meneja akaja na kalamu yake kuidhinisha magunia yatoke. Mpimaji akajikaza kisabuni, akamwonyesha mara mbili: bila sufuri, kisha na sufuri.

Meneja akamgeukia Bwana Digrii. "Ulijua haya?"

"Nilikuwa kwenye utafiti, mzee. Nilitaka tuone sufuri zina athari gani."

Magunia yakarudishwa kukaushwa. Kabla ya saa ya kutoka tangazo lilishabandikwa ukutani: sufuri zote ziandikwe, kufuatana na ugunduzi wa Bwana Digrii. Mpimaji akapewa barua yake. Ameongezewa miezi mitatu ya majaribio, kwa kuwa anaandika polepole.

"Si wao wameamuru niandike sufuri zote?" akauliza, na kicheko kikaanza kumpanda.

"Cheka, mwanangu," alisema shangazi akiikunja ile barua. "Lakini kachekee chooni."